Ajuza, Mwari na Folda ya Mama

Mwanamisi wangu,

Kalamu hii ni yako. Nimeichomoa mkobani mwako baada ya swala ya alasiri, wewe ukiwa umekwenda Msambweni kumuaga shangazi yako Riziki. Usiitafute, nimekwisha kuipenda. Karatasi nazo ni zako. Cha kwangu humu ni hati mbaya, na aibu fulani ambayo utaifikia mbele.

Kesho kabla hujaondoka nitaiweka barua hii chini kabisa ya mikate ya sinia aliyokuokea shangazi yako. Nakujua. Wa kwanza utaumaliza hujavuka Likoni, wa pili Mariakani, na huu wa chini utaufikia Mackinnon Road. Hapo ndipo ninapotaka usome. Basi litakuwa limeshika kasi, nje ni mbuzi na malori, na hutaweza kushuka kurudi Ukunda kunitolea macho. Babako ni mwoga. Ulijue hilo mapema, kwa sababu habari yenyewe ndiyo hiyo.

Ya sweta, ya chakula, ya baridi ya Eldoret na ya kuamka mapema kwenda kazini sitayaandika. Shangazi yako ameyasema kwa simu wiki nzima mpaka paka ameyakariri.

Mimi nina jibu moja tu la kukupa. Asubuhi ulikuwa unafunga begi, mimi najifanya natafuta kofia. Ukaniuliza bila kuinua uso, "Baba, hivi ulinisamehe kweli, au ulisema tu?"

Nikakujibu, "Kofia yangu umeiona?"

"Iko kichwani, Baba."

Nikatoka nje. Nimezunguka mpaka barabara kuu na kurudi, nimesalimia watu nisiowajua, na jibu bado sijalitoa. Sasa naliandika, lakini niache nianze mbali. Wajua mimi raha yangu ni kuanza mbali.

Unakumbuka siku nilipomleta Ajuza? Ulikuwa mdogo, meno ya mbele huna. Mimi wakati huo ndiyo kwanza nimetoka ufukweni Diani, miaka mingi ya kuwapiga picha Wazungu wakiwa juu ya ngamia. Wengine walinipeleka mpaka kisiwa cha Chale niwapige picha za fungate, wakiniambia nisitazame, sasa sijui nipige kwa masikio. Simu zenye kamera zilipokuja, kila mtu akawa Juma Picha. Basi nikafungua kile chumba karibu na stendi, picha za pasipoti na kuchapa barua. Hoteli moja ilikuwa inatupa vitu vya ofisini, nami nikabeba kompyuta nzima kwa mkokoteni, ina kichwa kikubwa kama televisheni. Mamako akatoka na mwiko wa viazi karai mkononi, akaitazama.

"Baba Misi, umeniletea mke mwenza?"

"Huyu ni mzee sana, Mejumaa. Huyu ni ajuza."

Jina likaganda. Na wewe ulipokua ukajua kwamba kompyuta lazima ipewe jina ndipo kompyuta nyingine zipate kuiona, ukaliandika humo kwa herufi kubwa: AJUZA.

Mwanangu, mashine ile ilinilea. Mimi darasa la tano sikulimaliza, unajua kwa nini. Mwalimu alitundika kibao shingoni mwa kila aliyesema Kidigo darasani, na mimi nilikivaa mpaka mbuzi wa nyumbani wakadhani ni kengele. Siku moja nikakivua, nikakiacha juu ya meza ya mwalimu, nikaenda zangu. Kiingereza nikakiacha mezani pamoja na kibao. Lakini Ajuza alinivumilia. Nilijua alama zake, hapa pa kufungulia, pale pa kuchapia. Skana ile ya zamani ilimtii yeye peke yake, na mashine ya kuchapia picha ilimtii yeye peke yake. Na ndani yake kulikuwa na folda moja isiyokuwa ya wateja. Folda ya mamako.

Picha nilizompiga bila yeye kujua. Ameinama juu ya karai, moshi unampiga, amekunja uso. Amelala mdomo wazi, ile aliyoapa kwamba akiiona imechapwa atarudi kwao. Na ile video fupi, unaikumbuka, nilipokuwa najifunza kamera mpya. Nimemwelekezea nikiwa nimeduwaa, yeye anapepeta mchele, ananitazama, kisha anasema kwa ile sauti yake ya puani: "Baba Misi, funga mdomo, nzi wataingia." Halafu anacheka. Basi, imekwisha. Sauti yake yote iliyobaki duniani ilikuwa hiyo.

Alipofariki nilikuwa naifungua kila nikifungua duka, kabla ya mteja wa kwanza. Wewe ulidhani najaribu spika.

Halafu akaja Mwari. Ile kompyuta ya kukunja tuliyoinunua kwa Mutua, fundi wa simu pale ng'ambo ya barabara, wewe ukiwa kidato cha tatu. Mpya kwetu, ingawa ilikwisha kupita mikono ya watu. Nyembamba, nyepesi, inang'aa, inajifungua polepole kama inaona haya, na wewe ukasema jina lake liwe Mwari, kwa sababu kila kitu inataka iombwe ruhusa. Mutua alipomwona Ajuza alishika kiuno.

"Mzee wangu, hii ni ya kitambo. Hii wacha itupwe, ama uweke kuku wataage."

"Na picha zangu?"

"Toa na flashi."

Flashi! Matundu ya flashi yalikuwa yameliwa na chumvi ya hewa yetu hii, na mdomo wa kumezea sidii ulikuwa umekataa kufunguka tangu mamako yu hai. Hakukuwa na njia nyingine isipokuwa waya, mmoja huku na mwingine kule, kompyuta mbili zizungumze zenyewe. Na kuzungumza wakakataa. Likizo nzima ya Agosti uliketi sakafuni katikati yao kama msuluhishi.

Nilikuwa nakuuliza kila saa, nakuudhi kwa makusudi, na wewe unanijibu kwa subira ambayo sikujua umeitoa wapi, maana kwangu haikutoka. Ukaniambia Ajuza hana neno la siri, yeyote anayebisha kwake anapokewa kama mgeni, basi. Lakini kompyuta mpya hazitaki kuingia nyumba ya namna hiyo. Zinaona ni hatari.

"Yaani Mwari amekaribishwa, mlango uko wazi, na hataki kuingia kwa sababu hakuulizwa maswali?"

"Ndiyo, Baba."

"Kompyuta gani hii haijui kuwa mgeni? Imezaliwa wapi?"

Ulicheka mpaka ukashika waya. Halafu ukaniambia jambo la pili, na hili sikucheka. Ulisema lugha anayosema Ajuza, ile ya kupeana faili, Mwari anaijua. Imo ndani yake. Ila watengenezaji wameizima, kwa sababu ni ya zamani na wezi wa mitandaoni wamekwisha kuzijua njia zake zote.

"Kwa hiyo anaijua, ila amekatazwa kuisema?"

"Hivyo hivyo."

Nikajishika shingo hapa, pale kilipokuwa kibao. Nikakuambia, "Mruhusu aseme." Ukasita. Ukasema, "Baba, nikiiwasha ni kwa siku chache tu. Nitanakili picha zote Jumamosi, halafu niizime." Nikasema mruhusu tu, mwanangu, hapa hakuna mwalimu.

Ukaiwasha. Nakumbuka ulivyoruka. Kwenye kioo cha Mwari likatokea jina AJUZA, ukalibonyeza, na ndani yake folda zote zimejipanga, na ile ya mamako katikati. Ukaniita kwa sauti ya kuitia watu waje kuona nyangumi.

"Baba! Nimezishea! Njoo uone!"

"Kushea ndiyo nini?"

"Kugawana. Sasa Ajuza na Mwari wanagawana."

Mwanamisi, hapo simama. Tafuna mkate kidogo. Yote yaliyotokea baadaye yametoka katika neno hilo, na neno hukukosea, kila kamusi ingekupa hilo hilo. Lakini mimi ni mtoto wa watu wa Shimoni kwa mama yangu. Kwetu kugawana ni samaki: hiki chako, hiki changu, kila mmoja akanyanyua chake akaenda. Niliposikia wamegawana, nikaelewa kwamba Mwari sasa ana zake na Ajuza ana zake. Nikafurahi. Nikakupa kofi la mgongo.

Ijumaa yake ulikwenda sokoni. Mteja mmoja aliniletea picha za harusi, nyingi, na Mwari akalalamika kwamba nafasi imejaa. Nikatazama nipunguze nini. Nikaiona folda ya mamako. Nikajisemea, hii ni fungu la Mwari tu, fungu kubwa liko kwa Ajuza, na Misi Jumamosi ataweka jingine. Mbili za nini? Nikaishika, nikabonyeza kufuta.

Likatokea lile sanduku la maneno. Kiingereza, mistari miwili mirefu. Mteja amesimama begani mwangu, kijana wa hotelini, suruali imepigwa pasi. Na mimi sikutaka aone kwamba mwenye duka hajui kusoma Kiingereza. Ningeweza kumwambia, "Mwanangu, hebu nisomee hapa." Maneno manne hayo. Badala yake nikatikisa kichwa kama hakimu, nikabonyeza Ndiyo.

Nilipomaliza na mteja nilimgeukia Ajuza. Nilitaka kumsikia mamako kidogo. Folda haikuwepo. Nikatafuta kwenye lile pipa la takataka la kwenye kioo, kwa Ajuza, kwa Mwari, pote patupu. Nikavua miwani, nikaifuta, nikavaa tena, kana kwamba uchafu ulikuwa kwenye miwani.

Uliporudi na kikapu ulinikuta nimekaa.

"Baba, mbona umekaa kama mtu anayesubiri daktari?"

"Folda ya mamako siioni."

"Huioni vipi?"

"Sijui. Nimekuta hivi."

Hilo ndilo neno la uongo la kwanza. Ukaweka kikapu chini, nyanya zikatawanyika, ukatafuta na wewe. Nikakuuliza, na sauti yangu naisikia hata sasa, "Kwani si ulisema wamegawana, kama samaki? Si Mwari ana zake?"

"Hapana, Baba, si kama samaki. Ni kama kisima. Picha zilikuwa kwa Ajuza tu, Mwari alikuwa amepewa kamba yake. Ndoo mbili, maji yale yale. Kikikauka, kimekauka kwa wote." Halafu ukaniuliza, "Kuna mtu amegusa?"

"Nani aguse? Mimi nilikuwa na mteja."

La pili hilo. Ukatazama ule waya, na nikaona uso wako unabadilika, nikajua unafikiri nini, na sikukuzuia.

"Ni mimi," ukasema. "Niliiwasha ile lugha ya zamani. Niliambiwa ina hatari, nikaiwasha. Kitu kimeingia kikafuta. Ni mimi, Baba."

Na mimi, mwanangu, nikakuwekea mkono kichwani nikasema, "Haidhuru. Nimekusamehe."

Basi jibu la swali lako la asubuhi ndilo hilo. Sikukusamehe. Hapakuwa na la kusamehe. Kosa lilikuwa langu, nikakuvisha wewe, kisha nikakuhurumia kwa kulivaa. Na wewe ukanishukuru! Ulinipikia chai usiku ule ukaniongezea sukari.

Kama hapo ndipo pangekuwa mwisho ningekuwa mwovu wa kawaida. Lakini ulisema asubuhi utamfungua Ajuza, kwa sababu kompyuta nyingine huwa na daftari ndani linaloandika nani amefanya nini na saa ngapi. Sikulala. Nililiona jina langu kwenye daftari hilo, kwa wino mwekundu: Juma, saa tano na robo, amefuta. Alfajiri nilichukua bisibisi, nikamfungua Ajuza mgongo, nikachomoa nyaya zote nilizozikuta, nikamfunga. Ulipobonyeza, kimya. Nikasema, "Amekufa kwa uchungu." Nikamfunika kwa leso ya mamako, ile kanga yake ya manjano, nikatangaza kwamba asiguswe tena. Nilijua leso ile hutaiondoa. Nilimtumia mamako kama kufuli.

Miaka sita, Misi. Nimekuona ukimpeleka Mwari kwa Mutua, kisha kwa fundi wa Likoni, kisha kwa yule mwalimu wako wa chuo, kila mmoja akitafuta ndani yake kitu ambacho hakikuwahi kuwemo. Kila mmoja akikuambia hakuna alama. Nimekuona ukichagua masomo ya mitandao, watu wakinipongeza, mzee umezaa fundi, na mimi najua hukwenda kusoma. Ulikwenda kutafuta ulipokosea. Ulipata cheti kabla hujapata ulipokosea, kwa sababu hukukosea popote.

Nilidhani nitakufa na siri hii, ningekuwa nimekwepa vizuri kabisa. Lakini wiki iliyopita nilikwenda kwa Mutua kubadilisha kioo cha simu. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Hivi mtu fulani akifuta kitu kwenye kompyuta ya zamani, hurudi?"

"Huyo mtu fulani ni wewe, Mzee?"

"Nimesema fulani."

Akacheka, kisha akanieleza. Kasema ukifuta, kompyuta haichomi kitu. Inalitoa jina tu kwenye orodha, na mahali pale panahesabiwa ni wazi, pasubiri kitu kingine kije kikae juu yake. Kisipokuja, cha zamani huenda bado kimelala pale. Akauliza, "Na hiyo mashine iliwashwa tena tangu siku ile?"

"Haijawashwa. Mtu fulani alichomoa nyaya."

Mutua aliweka bisibisi chini. "Mzee! Basi musiiwashe! Huyo mtu fulani alifanya kitu ya maana bila kujua."

Umeona maajabu? Uoga wangu ndio uliomhifadhi. Nilipofunga mlango usinione, nilifunga na wengine wasiingie kumkalia mamako. Usinipe sifa, ila acha nicheke kidogo, nimekaa bila kucheka juu ya jambo hili miaka sita.

Lakini Mutua ni mtu wa kweli kuliko mimi. Alisema, "Usimwahidi msichana. Chumvi, joto, na miaka. Diski inaweza kuwa imekufa." Kwa hiyo sikuahidi. Nakupa tu.

Ingiza mkono begini, upande wa kushoto, chini ya ile sweta ya shangazi. Kuna kitu kizito kama kitabu kidogo, kimefungwa leso ya manjano. Hiyo ndiyo diski ya Ajuza. Mutua aliitoa jana, mimi nikiwa nimeshika tochi, mwanga unarukaruka, akaniambia nishike tochi kama mwanamume. Maandishi ya leso nimeyakunja ndani, usije ukasema nakuhutubia. Kasema ukifika usiichomeke ovyo, kwanza uinakili yote ilivyo, kisha utafute kwenye nakala. Wewe utaelewa. Mimi nimeandika kama alivyosema.

Unaweza kunikasirikia. Eldoret ni mbali vya kutosha, kasirika kwa nafasi. Usinipigie simu siku mbili, tatu, wiki. Nitakaa hapa dukani na mashine tupu, nikiulizwa nitasema mtandao ni mbaya. Sikuombi unisamehe. Mimi nimelichezea neno hilo, nimelipaka kwenye kosa langu nikalifanya zawadi, sasa sina uso wa kuliomba. Nataka kitu kimoja tu: ukishamaliza barua hii, na basi likiwa linaendelea, useme kwa sauti, hata jirani yako akikushangaa: "Haikuwa mimi." Useme mara mbili. Ya kwanza ni yako, ya pili ni kwa ajili yangu.

Na siku utakapoifungua hiyo diski, ukimkuta, usinieleze. Piga simu, isogeze karibu, umwache aseme mwenyewe. Nitakuwa nimekaa.

Na ukikuta hamna kitu, piga vilevile. Watu wote hapa husema sauti umeirithi kwake, ile ya puani, na mimi siku zote nimejifanya sisikii. Piga, uvute pumzi, uniambie wewe, "Baba Misi, funga mdomo, nzi wataingia."

Nitaufunga, mwanangu. Safari hii ulikuwa wazi kwa ajili ya kusema kweli, sasa umesema.

Babako,
Juma Picha

Kalamu yako inaandika vizuri. Harudishiwi mtu.